Msusi Aliyemuua Mumewe kwenye Filamu

Mama mkwe hakusubiri filamu iishe. Ilipofika pale mke anapofungua chupa ya chai, anamimina kikombe, kisha anageuka kidogo na kutia unga mweupe aliouficha kwenye pindo la kitenge, bibi yule alisimama katikati ya ukumbi, akanyoosha kidole kwenye picha na kusema kwa sauti iliyowazidi waigizaji:

"Ile chupa niliinunua mimi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alichukua mkoba wake, akapita akigonga magoti ya watu, akatoka zake nje.

Mkaza mwanawe, ambaye ndiye aliyekuwa akitia sumu pale ukutani, alikuwa amekaa safu ya mbele kando ya mumewe. Hakugeuka. Alijua mama mkwe anasema kweli. Ile chupa yenye maua mekundu ilikuwa zawadi ya harusi kutoka kwake, na iliingia kwenye filamu kwa sababu filamu yenyewe haikuwa na fedha za vyombo. Kila mwigizaji alikuja na vya kwake kutoka nyumbani.

Mtaani aliitwa Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti wake wawili waliozaliwa siku moja na kuanza kugombana siku hiyohiyo. Kazi yake ilikuwa ususi. Alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara: kioo kirefu kilichopasuka pembeni, viti vitatu, draya moja inayounguruma kama mashine ya kusaga, na benchi la wanaosubiri, ambao nusu yao hawakuja kusukwa bali kusikiliza. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na ulimi wake mwepesi zaidi. Alipokuwa mtoto aliwahi kupanda jukwaani kwenye mchezo wa shule, baba yake akaja kumshusha kwa mkono mbele ya watu, akisema mabinti zake si wa kutazamwa na kila mtu. Tangu hapo Mama Pacha alikuwa akiigiza palepale saluni tu: akimsimulia mteja habari ya mteja mwingine, anabadilisha sauti, anabadilisha shingo, mpaka mtu anamwona yule asiyekuwepo.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi umeme. Mpole, mcheshi, mtu wa kupanda nguzo akipiga mbinja. Na ni kazi hiyo ya kupanda ndiyo iliyoleta bima.

Miaka michache kabla ya filamu, fundi mwenzake alishikwa na umeme akafa hukohuko juu. Kabla maua ya kaburini hayajanyauka, shemeji za mjane walifika na gari. Wakabeba kitanda, wakabeba kabati, wakabeba hata sufuria iliyokuwa jikoni na maharage yake ndani, kisha nyumba wakaifunga kwa kufuli lao. Mjane na watoto wake wakalala saluni kwa Mama Pacha wiki kadhaa, mikeka imetandikwa katikati ya viti. Asubuhi wanakunja mikeka, wateja wanaingia. Mama Pacha alimsuka yule mama bure, na alipokuwa akimsuka alihisi kichwa kile kikitetemeka chini ya vidole vyake bila sauti yoyote.

Alipomaliza siku ile akaenda nyumbani, akamwambia mumewe: "Sisi hayatatukuta haya."

Miongoni mwa wateja wake alikuwepo wakala wa bima, mwanamke aliyezoea kusoma makaratasi chini ya draya. Ndiye aliyewaeleza kuhusu bima ya maisha ya wenza. Mkataba mmoja, sahihi mbili, na mmoja akitangulia, anayebaki ndiye anayelipwa, si kaka, si shangazi, wala mtu mwingine.

"Kwa hiyo mimi nikifa nina thamani kuliko nikiwa hai?" Baba Pacha akauliza.

"Usijisifu," mkewe akamjibu. "Hata hiyo ya uhai hatujaipima."

Wakacheka, wakaweka sahihi, maisha yakaendelea.

Kisha akaja kijana mmoja aliyekuwa akipiga picha za video za harusi, naye alikuwa na ndoto ya kutengeneza filamu ya kusisimua. Watu walimwita Kata, maana ndilo neno alilopenda kulipigia kelele kila aliposimamisha kamera. Siku moja alikuwa saluni akimsubiri dada yake, akamsikia wakala anamweleza bibi harusi mtarajiwa habari za bima ya wenza. Pale aliposema "anayebaki ndiye anayelipwa," Kata aliinua kichwa, macho yakamng'aa. Haukupita muda akawa na hadithi yake. Mume na mke wanachukua bima, mke anaanza kumtilia mumewe sumu kidogokidogo, afisa wa bima ananusa jambo, na mwishoni kabisa, mtazamaji keshamhukumu mke, ndipo inapojulikana kwamba aliyeileta ile bima ni mume, na kwamba yeye alikuwa wa kwanza: tangu mwanzo alikuwa amelegeza breki za gari la mkewe. Akaiita Sahihi Mbili.

Wanawake waliokuja kujaribiwa kwa nafasi ya mke walikuwa wengi. Wakalia, wakacheka kama wenye mapepo, mmoja akavunja kikombe. Mama Pacha akafika na aproni yake ya kazi, mafuta ya nywele yangali mikononi. Akaketi. Akamtazama kijana aliyewekwa pale kama mume, akamsogezea kikombe, akamuuliza taratibu, kwa upendo mtupu:

"Sukari imetosha, mume wangu?"

Kata alisahau kusema kata.

Ndivyo alivyoipata nafasi. Na filamu ilipoonyeshwa, siku ile mama mkwe alipotoka, watu walipiga makofi wamesimama. Kuanzia kesho yake Mama Pacha hakuweza kuvuka barabara bila mtu kumpigia kelele, "Sukari imetosha?" Muuza mboga alimsalimia hivyo. Mwalimu wa mapacha alimsalimia hivyo. Baba Pacha ndiye aliyefurahi kuliko wote. Kazini alijitambulisha: "Mimi hapa ni marehemu mtarajiwa."

Mama mkwe peke yake ndiye aliyenuna. Akija kumwona mwanawe, chai hanywi. Anasema ameshiba. Mtu anashiba asubuhi, anashiba mchana, anashiba jioni, na shingo inakonda.

"Mama, ile ni michezo tu," Baba Pacha alimwambia.

"Na ile bima ya kweli, nayo ni michezo?"

Basi, filamu ikiwa bado inaonyeshwa kumbi za jirani, Baba Pacha akaanguka. Alikuwa akifunga taa kwenye paa la duka, amepanda ngazi ya mwenye duka, ngazi ya mbao ambayo kidato chake kimoja kilikuwa kimeliwa na mchwa kwa ndani. Kikakatika. Watu waliokuwa dukani waliona kwa macho yao: mtu juu, mlio wa mbao, mtu chini. Mfupa wa paja ulivunjika, na mbavu mbili.

Mama Pacha alikuwa saluni, mitaa kadhaa kutoka pale, mikono yake imo kichwani mwa mteja. Alikimbia na kitana kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe, akafika hospitali nacho, na hakukumbuka kukitoa mpaka muuguzi alipomwambia.

Lakini mdomo wa mtu si shimo la choo, huwezi kuufunika. Kabla hata plasta haijakauka kwenye mguu wa mgonjwa, mtaa ulikuwa umeshatoa hukumu. Wengine walisema kwa utani, wengine kwa nusu utani, na nusu utani ndiyo mbaya. Kikulacho ki nguoni mwako. Lisemwalo lipo. Ngazi haikatiki bure. Yule jamaa atazame nyuma yake, bima inamnyemelea.

Asubuhi iliyofuata Mama Pacha alichemsha supu. Akaimimina kwenye chupa ya maua mekundu, kwa sababu ndiyo chupa aliyokuwa nayo. Wifi yake, dada wa mumewe, alimkuta mlangoni akitoka nayo.

"Wifi, jamani. Si ungeazima nyingine?"

"Kwa nini?"

"Watu wataona."

"Waone. Chupa haijaua mtu."

Wodini alimkuta mama mkwe ameketi ubavuni mwa kitanda kama askari wa zamu. Wagonjwa wote walimtambua Mama Pacha, na wote waliitambua chupa. Minong'ono ikapita kitanda hadi kitanda. Yeye akawasalimia, akamgusa mumewe paji la uso, akamimina supu kwenye bakuli, akamsogezea kijiko.

Mama mkwe akaweka mkono juu ya bakuli. "Kwanza onja wewe."

Mama Pacha alifikiri hakusikia vizuri. "Unasemaje, mama?"

"Onja, tuone. Kama hakuna kitu, unaogopa nini?"

Ilikuwa rahisi kuonja. Kijiko kimoja tu, mambo yakaisha. Lakini Mama Pacha aliona, papo hapo, kwamba akionja leo ataonja kesho, ataonja mwaka ujao, na kila chungu atakachopika maisha yake yote kitakuwa na kijiko cha ushahidi.

"Sionji," akasema.

"Mmesikia?" Mama mkwe akawageukia wagonjwa kana kwamba ni baraza la wazee. "Haonji!"

"Sionji, mama. Supu hii nimempikia mume wangu, sikuipikia mahakama. Anayetaka kula ale." Akamtazama mumewe. "Baba Pacha, kula."

Baba Pacha alishika kijiko. Akakitazama. Kisha akamtazama mama yake, ambaye midomo yake ilikuwa ikitetemeka. Kijiko kikabaki hewani. Labda ni kwa muda wa pumzi mbili tu, lakini mke aliyekaa na mtu miaka yote ile anajua pumzi mbili zina nini ndani.

Mama Pacha akalichukua bakuli kutoka mbele yake.

Kitanda cha pili alilala mzee mmoja mwenye mkono uliofungwa bandeji, ambaye ndugu zake walikaa mbali. Akakohoa. "Binti yangu," akasema, "kama hao hawana njaa, mimi ninayo."

Mama Pacha akampelekea bakuli. Mzee akanywa lote, akaomba iliyobaki kwenye chupa, akainywa nayo, akapangusa mdomo kwa mkono mzima. "Nikifa," akatangaza, "mniandikie kwamba nilikufa nimeshiba."

Wagonjwa walicheka mpaka waliokuwa na mishono wakashika matumbo. Mama Pacha hakucheka. Alifunga chupa yake, akatoka bila kumuaga mtu.

Hakurudi siku ile wala iliyofuata. Alisuka. Alisuka kwa nguvu mpaka wateja wakalalamika vichwa vinawauma. Waliompigia kelele barabarani ile salamu ya sukari aliwatazama tu. Kisha akamwita mchora vibao na kumwambia afute lile jina la zamani la saluni juu ya mlango, aandike kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: SUKARI IMETOSHA.

"Mama Pacha, una uhakika?" mchora vibao akauliza, brashi mkononi.

"Wanaliimba bure. Sasa watanitangazia biashara."

Rangi haijakauka, wifi akafika. Alikuwa ametumwa, na uso wake ulionyesha kwamba hakupenda kutumwa. Akakaa kwenye benchi, akazungusha maneno, mwisho akatoa kilichomleta.

"Wifi, tumekaa kama familia. Tunaona, kwa ajili ya amani, ungeivunja ile bima. Ukiivunja, nani atakuwa na la kusema?"

Mikono ya Mama Pacha ilisimama kichwani mwa mteja.

"Mlikaa kama familia. Mimi nilikuwa wapi?"

Wifi akatazama chini.

"Wifi, hapo ulipoweka miguu yako, hapo hasa, alilala mama mmoja na wanawe. Mumewe alikuwa akifanya kazi moja na kaka yako. Waliompokonya nyumba nao walikaa kama familia." Sauti yake haikupanda. Wateja wote walikuwa wamegeuka, hata aliyekuwa chini ya draya alitoa kichwa nje. "Ile bima ina sahihi mbili. Yangu siifuti. Kaka yako akitaka kufuta ya kwake, mikono yake haikuvunjika. Lakini mwambie mama: siivunji kwa sababu ya filamu, na filamu siiombei radhi. Nimeigiza, nimeigiza vizuri, na nikiitwa tena naenda."

"Nitamwambiaje mama maneno hayo?"

"Kama ulivyoniambia mimi. Mbona uliweza?"

Wifi aliondoka. Mteja aliyekuwa kitini akasema polepole, "Mama Pacha, endelea tu kusuka, ila usinivute."

Jioni ile alikwenda hospitali mikono mitupu. Mama mkwe alikuwa amerudi nyumbani kuoga. Baba Pacha alipomwona akajaribu kuketi, mbavu zikamrudisha chini.

"Nimekungoja," akasema.

"Nilikuona siku ile. Ulisita."

Angeweza kukana. Angeweza kusema ni dawa zilimzubaisha. Baba Pacha hakuwa mtu wa namna hiyo. "Nilisita," akasema. "Si kwamba niliamini, wallahi. Niliona mama atalia. Nikasema ngoja kidogo."

"Ukaokoa machozi yake, ukaniacha mimi niitwe muuaji."

Baba Pacha alifumba macho, chozi likamtoka pembeni likaingia sikioni, naye hakulifuta. Mama Pacha hakumfutia.

"Nisamehe," mumewe akasema.

"Hapana. Sitaki msamaha wa kunong'onezwa. Ulisita mbele ya watu."

Akaondoka. Njiani alilia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, akajipangusa kwa kitambaa cha saluni chenye nywele, macho yakazidi kumwasha, akajikuta anacheka peke yake barabarani kama mwehu.

Kesho yake saa ya kuona wagonjwa ilimkuta Mama Pacha mlangoni mwa wodi na chupa ileile. Alikuwa amejiambia kwamba atafika mara moja tu. Mumewe akisita tena, atawapikia wagonjwa wote isipokuwa yeye.

Mama mkwe alikuwa mahali pake, wifi pembeni. Mama Pacha akamimina supu. Mama mkwe akafungua mdomo, lakini Baba Pacha alimwahi.

"Mama, subiri. Ninyi nyote hapa wodini, nisikilizeni." Mbavu zilimuuma, akavuta pumzi vipande vipande. "Siku ile mke wangu aliniletea chakula nikasita kama mjinga. Sikuanguka kwa sumu, nilianguka kwa ngazi mbovu. Na ile bima, mama, niliitaka mimi kama alivyoitaka yeye. Siku nikianguka nisiinuke, nataka mwanamke huyu abaki nyumbani kwake na watoto wake, asiguswe na mtu. Hata na wewe, mama yangu."

"Mimi?" Mama mkwe alishika kifua. "Mimi ningemfanya nini?"

"Umeshamfanya."

Akachukua kijiko, akala. Akala tena. Chumvi ilikuwa imezidi, kwa maana aliyepika alikuwa na hasira, lakini hakusema neno. Mzee wa kitanda cha pili akalalamika kwamba leo hajabakishiwa kitu.

Mama mkwe alinyanyuka, akajitanda kanga yake, akatoka akilia. Mama Pacha alimtazama mpaka alipopinda kwenye korido. Roho yake ilimwambia amfuate. Akaketi.

Baba Pacha alitoka hospitali kwa magongo, na mguu ulipopona ulikuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Nguzo akaziacha. Siku hizi anafunga umeme ndani ya nyumba, miguu chini, na mbinja zimerudi. Bima ipo palepale. Mwenye duka alinunua ngazi ya chuma bila mtu kumwambia.

Mama mkwe hakuomba radhi, na Mama Pacha hakumdai. Walisalimiana kwa adabu, basi. Akija nyumbani anakwenda jikoni mwenyewe, anachemsha chai yake mwenyewe, anakaa nayo kibarazani. Mapacha walitaka kumcheka, mama yao akawakataza. "Mwacheni bibi yenu. Jiko ni la wote."

Kisha ikatokea harusi ya mjukuu mwingine wa mama mkwe, na msusi wa siku zote wa bibi huyo akawa amehamia mji mwingine. Jumamosi moja saluni ikiwa imejaa, mlango ukafunguliwa, bibi akaingia. Draya ikazimwa. Hakuna aliyeizima kwa adabu, walitaka kusikia.

Mama mkwe alitazama viti, vyote vina watu. Akamtazama mkaza mwanawe. Pengine alitarajia mtu ainuliwe.

"Shikamoo, mama," Mama Pacha akasema. "Foleni inaishia pale kwenye benchi."

Bibi akamaka. Akasimama kidogo, mkoba kifuani. Halafu akaenda akaketi kwenye benchi, kati ya msichana wa shule na mke wa mchora vibao, akangoja zamu yake kama watu wengine wote.

Zamu ilipofika, alikaa kitini, akafungua kitambaa. Nywele zake zilikuwa nyeupe na laini, chache kuliko Mama Pacha alivyodhani. Kitana kikapita taratibu.

"Ile filamu," mama mkwe akasema ghafla, akitazama kwenye kioo. "Wanasema mume naye alikuwa mwovu."

"Ndiyo, mama. Yeye ndiye aliyeanza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulitoka mapema."

Bibi akaguna. Mama Pacha akagawanya nywele, akaanza mstari wa kwanza kutoka paji la uso kurudi nyuma, mwembamba, umenyooka.

"Wanasema yule kijana anatengeneza nyingine," mama mkwe akaendelea. "Nimesikia atakupa nafasi ya mtawa."

"Alitaka kunipa. Nimekataa."

"Umechukua nafasi gani?"

"Muuaji," Mama Pacha akasema, akachukua fungu la pili la nywele. "Inamisha kichwa kidogo, mama."

Bibi akainamisha kichwa.